Kitabu Kinachorushwa: Utangulizi wa Elimu ya Kulinda Vitabu vya Kidijitali

Kitabu cha karatasi kilichochapwa Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 300 kwa barabara ya Zambia mpaka kifike Mikumi, na kutoka hapo kuifikia kata ya Kisanga ni safari nyingine yenye nauli yake. Zikitumwa nakala ishirini, yupo aliyezihesabu wakati wa kupakia na yupo atakayezihesabu wakati wa kushusha. Kitabu hichohicho kikiwa faili la PDF hufika Kisanga kabla mwandishi hajamaliza kumshukuru mnunuzi wake wa kwanza. Mwalimu anakirusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzake, mmoja wao anakirusha kwenye kundi la waliosoma naye chuo, mwingine anakipeleka steshenari pale Mikumi kikachapwe na kubanwa kwa spairo. Wiki ikiisha, hakuna anayeweza kusema ziko nakala ngapi wala zipo mikononi mwa nani. Elimu ninayokukaribisha inaanzia hapo, kwenye nakala zisizohesabika.

Karibu, basi, uwe mwandishi, mwalimu, mkutubi, mwenye steshenari au mwanafunzi wa sheria. Nakuonya mapema kwamba elimu hii haina mwenyewe mmoja. Mwanasheria anashika kipande chake, mtaalamu wa kompyuta kipande chake, mchapishaji na mkutubi vyao, na mara nyingi hawasemezani. Vitabu vingi vilivyoandikwa juu yake vinamfikiria msomaji mwenye kadi ya benki, intaneti saa zote na kifaa chake peke yake. Mimi nimemweka mbele msomaji wa wilaya ya Kilosa: ana bando la siku, ana pesa kwenye simu, na simu yenyewe huenda anaitumia pamoja na mdogo wake anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Kinga isiyomfaa msomaji huyu naihesabu kuwa haijakamilika, hata kama imesifiwa kwingine.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa bila kusomwa. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Ndiyo iliyoizaa COSOTA, iliyoanza ikiwa Chama cha Hakimiliki na leo ni Ofisi ya Hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na chombo chake, COSOZA, kwa sababu hakimiliki si jambo la Muungano. Mwandishi wa Kilosa anayeuza kitabu chake Unguja ayajue hayo kabla ya kulalamika kwenye ofisi isiyohusika.

Jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni kwamba hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na msingi wa mkataba huo ni kwamba ulinzi hautegemei usajili. Ukisajili kazi yako COSOTA unajipatia ushahidi wa tarehe na jina, ushahidi wenye thamani kubwa siku ya kesi, lakini haki yenyewe ulikuwa nayo tangu ulipoweka maneno kwenye karatasi au kwenye simu. Waandishi wengi chipukizi hukaa kimya wanapoibiwa kwa kudhani hawana haki kwa sababu hawana cheti. Wanayo.

La pili ni muda. Kwa sheria ya 1999, kazi ya fasihi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962; kwa hesabu hiyo ulinzi wa maandishi yake Tanzania Bara ulikwisha mwishoni mwa 2012. Mwalimu wa Kisanga anayeketi kuichapa upya *Kusadikika* kwa kompyuta ili awagawie wanafunzi wake hamwibii mtu, ilimradi asichukue dibaji, maelezo au michoro ambayo watu wengine waliiongeza baadaye, maana nyongeza hizo zina muda wake wa kulindwa. Euphrase Kezilahabi, aliyetuachia *Rosa Mistika*, alifariki Januari 2020. Kazi zake zitabaki chini ya ulinzi mpaka mwisho wa 2070. Hao ni waandishi wawili wanaokaa kwenye rafu moja ya maktaba ya shule, na faili la kila mmoja lina hukumu yake. Kwenye makundi ya simu tofauti hiyo haionekani kabisa: yote ni PDF, yote yanarushwa.

Sheria pia imeacha milango wazi kwa makusudi. Nukuu fupi yenye kutaja chanzo, kielelezo cha kufundishia, nakala ya matumizi ya mtu binafsi, vyote vimepewa nafasi kwa masharti. Msomi anayeitetea hakimiliki kwa kuificha milango hiyo anaidhulumu sheria anayodai kuitetea. Kwa upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imetamka wazi kuwa ni kosa kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu zinazolindwa na sheria nyingine. Kundi la simu si chumba cha kulala; nalo linahesabika mbele ya sheria hiyo.

Sasa twende kwenye kufuli zenyewe. Kinga ya kiteknolojia iliyozoeleka ni kulisimba faili: maandishi yanavurugwa kwa hesabu maalumu hadi yasisomeke, na ufunguo wa kuyarudisha hukabidhiwa programu iliyosajiliwa kwa jina la mnunuzi. Unasoma ndani ya programu hiyo tu. Ukimtumia rafiki faili, kwake ni vurugu. Ni kazi ya akili nyingi, lakini ina udhaifu ambao hakuna fundi atakayeuondoa: ili msomaji asome, ufunguo lazima ufike kwenye kifaa chake, na kilichofika kinaweza kutafutwa. Julai 2001 mtaalamu wa programu kutoka Urusi, Dmitry Sklyarov, alikamatwa Las Vegas baada ya kueleza mbele ya wataalamu wenzake jinsi kufuli za vitabu vya Adobe zilivyo dhaifu. Kampuni aliyoifanyia kazi, ElcomSoft, ilishtakiwa, na Desemba 2002 baraza la mahakama likaiona haina hatia. Zaidi ya hayo, kioo cha simu kinapigwa picha na simu nyingine. Jicho likiona, kamera nayo inaona.

Kinachonisumbua zaidi ni madhara ya kufuli kwa mtu aliyelipa. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za *1984* ya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wasomaji waliokwisha kuzinunua, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki; baadaye ikaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilipotea, pamoja na yale waliyoyaandika pembezoni. Mpelekee habari hiyo mkazi wa Kisanga ambaye simu yake imezama mtoni au imeuzwa msimu wa njaa, kisha umwambie anunue kitabu chenye kufuli. Atakuuliza swali ambalo wenye maduka hayo hawajalijibu.

Kuna walemavu wa macho pia. Kufuli nyingi huziba hata sauti ya programu inayomsomea asiyeona. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliandikwa ili nakala zinazofikika kwa watu hao ziweze kutengenezwa na kuvuka mipaka, na Tanzania imejiunga nao tangu 2020. Mchapishaji anayefunga kitabu bila kulifikiria hili amemfungia nje msomaji ambaye dunia nzima ilikaa mezani kumfungulia.

Njia nyingine ni alama. Kitabu hakifungwi, kila nakala inawekewa utambulisho wa aliyeinunua, ama waziwazi chini ya ukurasa, ama umefichwa ndani ya faili. Mwaka 2012 vitabu vya Harry Potter viliuzwa kidijitali kwa mtindo huo. Mwaka huohuo Tor, mchapishaji wa Marekani na Uingereza, aliondoa kufuli kwenye vitabu vyake vyote, na mwaka mmoja baadaye akatangaza kuwa hakuona wizi ukiongezeka. Sidai kwamba yaliyotokea kwa wasomaji wale yatatokea vilevile kwa wasomaji wa riwaya ya Kiswahili. Ila kwa mwandishi wa hapa anayeuza mwenyewe, ushauri wangu ni alama kuliko kufuli: haidai intaneti kila ukurasa, haifi na simu, na inamkumbusha mnunuzi kwamba nakala hii ni yake kwa jina. Tahadhari moja tu: usiandike namba ya simu ya mteja wazi kwenye kurasa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na faili likivuja, taarifa za mtu zinavuja nalo. Namba ya risiti inatosha.

Somo langu kubwa, hata hivyo, sikulipata kwa wataalamu wa kusimba. Nimelipata kwa waandishi wa simulizi. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka hadithi za kuendelea katika magazeti, zile zilizomfanya Eric Shigongo asomwe nchi nzima. Ukikosa toleo moja unakwenda kuazima kwa jirani. Desturi hiyo imehamia kwenye simu. Mwandishi anarusha sehemu za mwanzo bure Facebook, kisha wanaotaka kuendelea wanatuma pesa kwa simu na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambako sehemu zinatoka siku kwa siku. Wapo wanaonakili sehemu hizo na kuzimwaga kwenye makundi mengine. Wapo wanaofuta jina la mwandishi na kuzisoma kwa sauti YouTube kama zao. Huo ni wizi wa pande mbili, wa mapato na wa heshima ya kutambuliwa, na unaumiza. Lakini tazama jinsi waandishi hawa wanavyojilinda. Wanamjua kila mnunuzi. Anayevujisha anaondolewa mbele ya wenzake. Bei ni ndogo kiasi kwamba kuomba nakala ya wizi kunamwaibisha mtu kuliko kulipa. Juu ya yote, sehemu ya kesho iko kwa mwandishi peke yake. Mwizi daima yuko nyuma kwa siku moja.

Huko ndiko elimu hii inakotakiwa kwenda kujifunza. Mara nyingi anayetafuta PDF ya bure wilayani Kilosa hajakataa kulipa. Ametafuta pa kulipia hapaoni. Duka la vitabu liko Morogoro mjini, mchapishaji hana toleo la kidijitali, au toleo lipo na linadai kadi asiyokuwa nayo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao visomwe bure, na tangu hapo mwalimu ana jibu halali la kumpa mwanafunzi. Riwaya, ushairi na vitabu vya ufundi havina jibu la namna hiyo. Mpaka vitakapokuwa nalo, msako dhidi ya steshenari utakamata watu bila kupunguza nakala.

Sura ya mikataba katika kitabu hiki naiomba uisome polepole, hasa wewe uliyezaliwa Kilosa. Novemba 1884, Msovero, ndani ya wilaya hii hii, Chifu Mangungo alitia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Karl Peters iliyoandikwa kwa Kijerumani, na miezi michache baadaye Berlin ikaitumia karatasi hiyo na nyingine za aina yake kudai Usagara. Tumezoea kumlaumu mzee huyo kwa wepesi usio wa haki. Waandishi wetu leo wanasaini kurasa za Kiingereza zinazomkabidhi mchapishaji haki zote, za miundo yote, zilizopo na zitakazobuniwa, nao wanajua kusoma. Mwaka 2001 mahakama ya New York, katika shauri la Random House dhidi ya RosettaBooks, ilikataa kuzuia uuzaji wa vitabu vya kidijitali: mikataba ya zamani ya waandishi ilimpa mchapishaji haki ya kuchapa kazi hizo zikiwa vitabu, na kitabu cha kidijitali kikaonekana kuwa kitu kingine. Waandishi wale waliokolewa na maneno machache. Mkataba wako wa zamani unasema nini? Kautafute.

Liko suala la mwisho, ambalo sijaliona likishughulikiwa inavyostahili. Sheria ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na ruhusa ya kuzitumia kibiashara iko mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa. Wilayani hapa kuna wazee wanaohadithia kwa Kisagara na Kividunda. Mtafiti anakuja na kinasa sauti, anaondoka, na baada ya mwaka hadithi ni kitabu cha kidijitali chenye jina lake juu na kufuli ndani. Mjukuu wa mzee aliyehadithia hawezi kukifungua bila kulipa. Hakuna haramia hapa kwa macho ya wengi, na karatasi za mtafiti huenda ziko sawa, lakini matumizi yasiyo na ridhaa yamefanyika na kufuli imemlinda aliyechukua. Sura ya tisa inapendekeza fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, inayotaja jina la msimuliaji, kijiji chake, nani atapata nakala bure na nani anaweza kuzuia uchapishaji. Waliokuja darasani kwangu wakitaka kujua programu ya kusimba nimewapa kwanza fomu hiyo waijaze na babu au bibi mmoja, ndipo tukafungua kompyuta.