Trela ya Safari ni Chombo, na Mwenyewe Ndiye Nahodha

Wazee wetu wa pwani hawakutweka tanga kabla ya kukikagua chombo. Jahazi lilipandishwa ufukoni, likasuguliwa, likakalafatiwa na kupakwa mafuta, kisha ndipo shehena ilipopakiwa, nahodha akitazama kila gunia linakokwenda. Leo safari zetu nyingi ni za barabara. Mtu akinunua trela ya kulala, ile ambayo Wazungu huiita karavani, hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo yaanza.

Jina hilo lenyewe si la Kizungu kwa asili. Latokana na neno la Kiajemi, karwan, yaani msafara wa wafanyabiashara na wanyama wao. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Gordon Stables, aliundiwa nyumba ya magurudumu mjini Bristol, ikavutwa na farasi, naye akazunguka nayo kwa starehe zake. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza trela 41 za bati la alumini kutoka Cape Town hadi Cairo, na msafara huo ukapitia Afrika Mashariki na Uhabeshi. Basi barani mwetu jambo hili si geni hata kidogo.

Sisi hatukununua yetu kwa starehe. Tuliinunua kwa ajili ya mama. Dada yake mkubwa yuko Tanga, na kwa miaka mitatu walikuwa wakisikizana kwa simu tu. Mama ana maradhi ya magoti. Hawezi kuchutama kwenye vyoo vya njiani, hawezi kukaa kitako saa nyingi, na hakubali kutawadha hadharani mbele ya madereva wa malori. Msomaji mwenye mzazi wa umri huo anajua kwamba neno sitara si dogo. Kwa kukosa choo na faragha, ndugu wawili wa damu walikuwa wakizeeka pasi na kuonana.

Trela tuliyoipata ilikwisha tumika. Ina mhimili mmoja na magurudumu mawili, na mtu mzima aweza kusimama ndani bila kuinama. Kabla ya kuipeleka popote nilimwita mjomba wangu, nahodha wa zamani aliyepata kuvuka bahari mara nyingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaizunguka trela mara mbili bila kusema neno. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, nimwagie maji juu ya paa."

Tukamwaga ndoo baada ya ndoo, naye yumo ndani na tochi. Maji yakapenya penye mishono miwili, karibu na dirisha la juu. Jahazi huzibwa kwa pamba na mafuta. Trela huzibwa kwa gundi ya mpira, baada ya kukwangua ile ya zamani yote. Asiyefanya hivyo ataona mbao za ndani zikioza taratibu, na kwa mvua zetu za masika hatangoja sana. Chini nako tulikwangua kutu tukapaka rangi, kwa kuwa chumvi ya bahari hula chuma usiku na mchana.

Pili ni magurudumu. Tairi zilionekana nzima, meno yake yangali marefu. Lakini ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu zilisomeka 0812, maana yake zilitengenezwa juma la 8 la mwaka 2012. Mpira wa trela hufa kwa uzee zaidi kuliko kwa kulika, kwani trela hukaa juani miezi bila kwenda. Wajuzi hushauri kuubadilisha ufikapo miaka 5, na usipite 7. Tulizitupa zote. Fundi akafungua na beringi, akakuta grisi imekauka na kuwa nyeusi kama lami. Akaziosha, akazibadili zilizochakaa, akatia grisi mpya.

Tatu ni shehena, na hapa ndipo penye roho za watu. Waingereza humshauri anayeanza asivute trela ambayo uzito wake na mizigo unazidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalovuta. Gari letu lina kilo 1,700, hivyo mwisho wetu ni 1,445. Tuliipeleka trela iliyopakiwa kwenye mizani ya mwenye ghala mmoja, ikatoa kilo 940. Hapo tulikuwa salama. Lakini uzito wa jumla si habari yote. Kichwa cha trela, pale kinapokalia ule mpira wa chuma nyuma ya gari, kinatakiwa kibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela. Kwetu ni kilo 47 hadi 66. Hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu, kwa kusimamisha kipande cha mbao kati ya mizani na kichwa cha trela. Yetu ilionyesha 38 tu, maana vijana walikuwa wamerundika kila kitu nyuma.

"Mumepakia tezini," mjomba akasema. "Chombo hiki kitatingisha mkia."

Na ndivyo ilivyo. Uzito ukiwa nyuma, trela huyumba mwendo ukizidi, nayo yaweza kulipindua gari. Ukizidi mbele, gari hukaa chini nyuma, usukani ukawa mwepesi. Vitu vizito, kama mchele, maji na vyombo vya chuma, hukaa chini kabisa, juu ya mhimili au mbele yake kidogo, kama farumi ya jahazi. Vyepesi ndivyo viwekwe juu kabatini. Tukapanga upya hadi mizani ikasema 58. Trela ikianza kuyumba njiani, dereva asikanyage breki kwa nguvu. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe.

Maji nayo ni uzito, kila lita kilo 1. Lakini hapa dini yetu yatufaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa maji yasiyofika lita 1. Tulikuwa watu sita. Kwa kuchanganya sala za safari, watu hutawadha kama mara tatu kwa siku, basi lita 18 zatosha kwa udhu. Kibla nacho si taabu: Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja, nyuzi 40 mashariki, hivyo dira ikielekea kaskazini umekwisha kuelekea. Mambo ya kupunguza sala, umbali wake na siku zake, muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, si njiani.

Lililokuwa zito kuliko yote halikupimwa kwa mizani. Mama alikuwa ameweka moyoni kwamba atasafiri amelala humo kitandani. Tulipomwambia kwamba mtu hapandi ndani ya trela inayokwenda, alinyamaza. Kisha akasema, "Basi mumenunulia mizigo kitanda." Neno hilo lilituchoma. Mjomba ndiye aliyemjibu: "Dada, kamba ikikatika, kilicho nyuma chapotea. Wewe utakaa mbele." Tukakubaliana: atakaa kiti cha mbele, na kila baada ya saa moja na nusu tutasimama, aingie trelani alale nusu saa.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, nyororo mbili za usalama zimefungwa, taa zote zimejaribiwa, gesi imefungwa kwenye mtungi wenyewe. Kwenye feri ya Likoni tulipanda na kushuka polepole sana, kwa kuwa pale kwenye mteremko mkia wa trela hukwaruza chini. Msambweni tulisimama tukakaza upya nati za magurudumu. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo, nalo ni jambo la kawaida kwa gurudumu lililofunguliwa karibuni. Mama aliingia, akafunga pazia la kanga, akapata choo chake na udhu wake, akajinyoosha. Aliporudi mbele aliagiza visheti na kahawa ya tangawizi. Hakulitaja tena lile la kitanda. Lunga Lunga twalivuka na karatasi za gari, za trela na bima ya kuvuka mpaka mkononi.

Dada yake alikuwa barazani akingoja. Sitaeleza walivyokumbatiana, kwani hayo ni yao wenyewe.

Nawe msomaji, ukijaaliwa kupata trela, lala humo usiku mmoja karibu na nyumbani kabla ya safari ndefu. Upungufu utauona ukiwa bado waweza kwenda kuazima nyundo kwa jirani. Kisha soma dua ya safari, na uende taratibu.