Buibui Arukaye na Jina Lake

Aketiye barazani asubuhi, iwe Kilosa mjini au Mikumi kando ya barabara kuu, hakosi kumwona ukutani buibui mdogo mwenye manyoya, asiyetega tando, aendaye kwa kukatizakatiza, kisha ageuke amtazame anayemtazama. Watoto humjua vema, wakubwa humfagia. Sisi twaona kwamba wamfagiao wanamwonea.

Ana macho manane, mawili ya mbele makubwa mithili ya taa za motokaa, na kwa hayo humpima mdudu kabla ya kumrukia. Hubandika kwanza uzi wa hariri pale alipo, ili akikosa asianguke mbali. Wala haruki kwa nguvu za paja kama panzi: damu husukumwa kwa ghafla miguuni, ikainyoosha.

Mwaka 2003 Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand walitangaza aina mpya ya buibui hao, itokayo pande za Ziwa Viktoria katika Kenya na Uganda. Waliiita Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Urefu wake ni kama milimita 5 tu. Mwaka 2005 Jackson na wenzake wakaonyesha jambo la ajabu: buibui huyo, akipewa hiari, huwachagua mbu majike walioshiba damu. Yeye hawezi kututoboa ngozi, basi damu yetu huipata tumboni mwa mbu. Hatusemi kwamba buibui ataifuta malaria, na vyandarua visitupwe! Twasema kwamba adui wa adui yetu alikaa nyumbani mwetu miaka hiyo yote pasipo jina katika vitabu vya elimu.

Na jina halipatikani kwa siku moja. Sharti viungo vya uzazi vichunguzwe kwa hadubini, vichorwe, vilinganishwe na vya jamaa zake wote. Kisha kielelezo kimoja huwekwa katika makumbusho, kiwe shahidi.

Milima ya Ukaguru, upande wa kaskazini ya Kilosa, imekwisha kutuonya. Mwaka 2002 Channing na Stanley walimtangaza chura wa huko akaaye mitini, wakampa jina la Kiswahili safi: Churamiti maridadi. Wataalamu waliomtafuta baadaye hawakumwona. Walipata chura mwingine, asiyelia kabisa, akatangazwa mwaka 2023 kuwa Hyperolius ukaguruensis. Msitu ukikatwa kwa mkaa na mashamba, atakayefuata atatoweka hata kabla ya kuandikwa.

Wageni huja Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964, kutazama simba na tembo. Hatujamsikia aliyeuliza habari za buibui. Walimu wa Kilosa na Mikumi wangeweza kuanza na kuta za madarasa yao, kwa daftari, kalamu, na macho ya wale watoto wamjuao tayari.