Bunduki Ndani ya Hifadhi za Marekani
Tangu Februari 22, 2010, mgeni katika hifadhi ya taifa nchini Marekani anaweza kubeba bunduki yenye risasi, mradi sheria ya jimbo husika inamruhusu. Awali, kanuni za miaka ya 1980 zilitaka silaha iondolewe risasi na ifungiwe mbali na mkono. Badiliko hilo lilipachikwa katika sheria ya kadi za mikopo, mahali ambapo mwananchi asingelitafuta, na Rais Barack Obama akaitia saini mwaka 2009. Watetezi wa badiliko hilo wanasema haki ya Katiba haiishii getini, na kwamba porini askari wa hifadhi huwa mbali. Hoja hiyo ina uzito. Si haki kuibeza.

Hata hivyo, ruhusa ya kubeba si ruhusa ya kufyatua. Kufyatua risasi kwa kawaida bado ni kosa pale uwindaji usiporuhusiwa, na silaha ni marufuku katika majengo ya serikali, vikiwemo vituo vya wageni. Na anayebeba bunduki kwa hofu ya dubu je? Utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa dawa ya pilipili ya kupuliza iliwazuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Kopo lake huvaliwa kiunoni, na wingu linalotanda mbele ya mnyama anayekuja mbio halidai shabaha ya bunduki. Sheria inaweza kumpa mtu haki, ila haimpi utulivu wa mkono. Anayekwenda katika hifadhi ya Yellowstone, hata kama ana bunduki, abebe kopo hilo kwanza.