Je, Wajua? Alama Moja ya Kutoa Huihamisha Tendaguru

Je, wajua kwamba kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, yalikochimbwa mabaki ya dinosaria, kinaweza kuhamia Ethiopia kwa kosa la kidole tu? Kilima hicho kiko takriban nyuzi 9.7 kusini mwa Ikweta na nyuzi 39.2 mashariki. Kwenye kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -9.7. Akiisahau anayeingiza taarifa, dinosaria wa Lindi watajikuta kwenye nyanda za juu za Ethiopia, kaskazini mwa Addis Ababa. Kosa la pili ni tamu zaidi. Namba mbili zikibadilishana nafasi, latitudo ikakaa penye longitudo, Tendaguru inaangukia katika bahari ya Atlantiki, jirani na pwani ya Ureno, mkabala na mji wa Lourinhã. Mji huo nao, kwa bahati ya ajabu, unasifika kwa dinosaria wa mwisho wa kipindi cha Jurasiki, wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, marika wa wale wa Tendaguru! Nukta ya baharini hugundulika upesi. Ile ya Ethiopia iko nchi kavu, nayo yaweza kukaa miaka bila mtu kuishtukia.

Makosa ya namna hii ndiyo yanayowakosesha usingizi watunzaji wa kanzidata za visukuku. Kubwa kuliko zote ni Paleobiology Database, iliyoanzishwa na wanasayansi wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo ina rekodi za zaidi ya maeneo 200,000 ya visukuku kutoka duniani kote, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuipekua bila kulipa hata senti.

Je, wajua kwamba humo kitu cha kwanza si mfupa? Ni mahali. Kila eneo hupewa namba yake, kisha chini yake hujazwa nchi, mkoa, latitudo na longitudo, jina la tabaka la miamba, aina ya mwamba, umri, mazingira ya kale (mto, ziwa, ufuko au bahari yenye kina), nani alichimba, vitu vimehifadhiwa makumbusho gani, na andiko lililotangaza ugunduzi. Orodha ya viumbe huja mwishoni. Kuna hata nafasi ya kueleza latitudo na longitudo zimepatikanaje: zimetajwa na mchimbaji mwenyewe, zimesomwa kwenye ramani, au zimekadiriwa kutokana na mji wa jirani. Mimi naiona nafasi hiyo kuwa ya maana kuliko zote, maana ndiyo inayokuambia kama nukta iliyo mbele yako ni shimo la uchimbaji lenyewe au ni soko la mji ulio karibu nalo.

Ubora wa nukta una historia yake. Huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, katika miaka ya 1970 mahali kisukuku kilipopatikana palitobolewa kwa pini kwenye picha iliyopigwa kutoka ndegeni, na namba ikaandikwa nyuma ya picha. Baadaye ikaja GPS, lakini hadi Mei 2000 Marekani iliichafua makusudi ile ya raia, ikawa inaweza kukosea hata mita 100. Katika korongo lenye matabaka yaliyobebana, mita 100 zinatosha kukutoa enzi moja hadi nyingine.

Na ukitafuta maeneo ya Olduvai, usishangae kukuta kanzidata za Ulaya na Marekani zimejaa Kiswahili kilichofupishwa. FLK, mahali ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959, ni Frida Leakey Korongo. MNK ni Mary Nicol Korongo, DK ni Douglas Leakey Korongo, BK ni Bell's Korongo. Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis Leakey; Mary Nicol ndiye huyo huyo Mary, mke wa pili. Kwa hiyo mke wa pili alijipatia umaarufu wake wa dunia nzima ndani ya korongo la mke mwenzake wa zamani, na kanzidata haitaki kujua habari hizo.

Kifupisho kikishaingia kwenye rekodi, hakiondoki. Fuvu lililookotwa na Bernard Ngeneo mwaka 1972 linaitwa KNM-ER 1470. ER ni kifupi cha East Rudolf, mashariki mwa Ziwa Rudolf. Ziwa hilo lilibadilishwa jina kuwa Turkana mwaka 1975, lakini herufi mbili hizo zimebaki kwenye mafuvu na kwenye kompyuta, kwani kuzigusa ni kuvuruga kila andiko lililowahi kuzitaja.

Majina ya viumbe yana utaratibu mwingine. Jitu la dinosaria linalosimama Berlin tangu 1937, lenye kimo cha mita 13.27, lilichimbwa Tendaguru na msafara wa Kijerumani wa 1909 hadi 1913. Werner Janensch wa msafara huo aliliita Brachiosaurus brancai mwaka 1914. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, baada ya kuona kwamba hafanani vya kutosha na Brachiosaurus wa Marekani. Kanzidata haifuti jina la zamani. Huhifadhi kila maoni pamoja na mwenye maoni na mwaka wake, hivyo ukiandika jina la 1914 utapelekwa kwenye jina la sasa. Nchi pia husomwa kwa macho ya leo: Janensch alichimba katika iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, lakini anayetafuta leo huandika Tanzania.

Kuna jina jingine lililochelewa zaidi. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji pale Tendaguru, na mifupa zaidi ya tani 220 ilibebwa na wapagazi kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Waliobeba, majina yao hayamo kwenye safu ya wachimbaji. Jina la Boheti liliingia katika majina ya kisayansi mwaka 2007, dinosaria mmoja wa mahali pale alipopewa jina la Australodocus bohetii. Ilichukua karibu miaka mia.

Pengo hilo la nani anayeandikwa halijazibwa. Utafiti ulioongozwa na Nussaïbah Raja na Emma Dunne ulichunguza taarifa zilizoingia katika Paleobiology Database kutokana na machapisho ya 1990 hadi 2020. Asilimia 97 zilitoka kwa watafiti wa nchi tajiri na zile za kipato cha kati cha juu. Nafasi tupu kwenye ramani ya Afrika, basi, mara nyingi haina maana kwamba ardhini hamna kitu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyefika, au aliyefika hakuandika.

Je, wajua kwamba visukuku vingine vimekwisha kuchimbwa na vimelala kwenye droo? Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa wa miaka milioni 22 hivi iliyopita, alitangazwa mwaka 2019. Mifupa yake ilikuwa imetoka Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, miongo kadhaa kabla, ikahifadhiwa katika makumbusho ya taifa Nairobi. Jina la mahali lilikuwa limetunzwa pamoja nayo. Bila hilo ingebaki kuwa mifupa mikubwa tu. Bahariya, nchini Misri, ni ushahidi wa upande wa pili: mifupa ya Spinosaurus iliteketea Munich kwa mabomu mwaka 1944, lakini mahali ilipotoka palijulikana. Watafiti walirudi huko, na mwaka 2001 wakatangaza dinosaria mwingine mkubwa, Paralititan.

Si kila nukta ya mtandaoni inasema kweli yote, na wakati mwingine ni vizuri hivyo. Wezi wa visukuku nao wanajua kusoma ramani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inazuia kutangaza ovyo mahali halisi pa visukuku katika ardhi ya serikali kuu, na kanzidata huweza kuonyesha latitudo na longitudo zilizopunguzwa makali, ili mtafiti aone wilaya bila mwizi kuona shimo.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na ramani ya Paleobiology Database: vuta karibu nchi yako, bonyeza nukta, usome. Au tafuta kwa jina. Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria wa bonde la Rukwa aliyetangazwa mwaka 2019, liandike jina la kwanza kama neno moja, vinginevyo hutampata. Ni mnyama wa mto Mtuka, na pingili za mkia wake zina umbo la moyo.

Na ukikuta mfupa uliogeuka jiwe shambani au kwenye kingo za mto, usiuchimbe. Upige picha ukiwa na sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, andika latitudo na longitudo zinazoonyeshwa na simu yako, kisha vipeleke kwa ofisa wa mambo ya kale au kwenye makumbusho ya taifa yaliyo karibu. Mfupa wenyewe uache papo hapo ulipo.