Umeme Shingoni mwa Mbwa: Kweli au Uongo?

"Kola ya umeme inamnyamazisha mbwa papo hapo." Kweli. Rimoti ikibonyezwa, pini mbili zinazogusa ngozi ya shingo hupitisha umeme, na mbwa aliyeshtuka huacha alichokuwa akifanya. Wawindaji wa Marekani walianza kuzitumia miaka ya 1960 kwa sababu hiyo: mbwa yuko mbali, sauti haimfikii, rimoti inamfikia. Faida hiyo siikatai.

"Akinyamaza, ameelewa kosa lake." Uongo, na ndio unaoniogopesha. Mbwa anajua tu kwamba ameumia. Sababu anaitafuta mwenyewe katika kile alichokuwa akikitazama. Chukua geti la nyumba ya Kiriri au Kinindo, mitaa ya Bujumbura, jioni. Mtoto wa jirani anapita, mbwa anabweka, mwenye nyumba anabonyeza. Anachoweza kujifunza mbwa ni kwamba mtoto akija, shingo inauma. Kesho huenda asibweke wala asingurume, amrukie tu. Huko Hannover, Ujerumani, watafiti waliwapima mbwa 14 aina ya beagle homoni ya wasiwasi katika mate, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Iliyopanda zaidi ilikuwa ya wale waliopigwa umeme ovyo, bila kujua kwa nini. Sasa mpe rimoti zamu, mlinzi aliyekesha usiku kucha, asiyeonyeshwa na mtu namna ya kuitumia.

Na mbwa huyo aking'ata, Burundi kichaa cha mbwa bado kipo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Asisubiri dalili: zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

"Mbwa mkaidi hafundishiki bila umeme." Uongo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilichapisha matokeo ya mbwa 63, wakiwemo waliozoea kukimbiza mifugo. Waliofundishwa kwa zawadi waliitika haraka kuliko wa kola, ingawa hao wa kola walikuwa mikononi mwa walimu mabingwa wa kola hizo. Karibu zaidi na sisi kuna Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini: wakipata harufu sahihi, wanasikia mlio mdogo, wanapewa chakula. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Panya!

"Kola inaunguza shingo." Si hasa. Vidonda vingi hutokana na pini kubana ngozi kwa saa nyingi, na kwa joto la Bujumbura na unyevu wa msimu wa mvua chini ya manyoya, sitashangaa vikioza upesi.

"Zimepigwa marufuku kila mahali." Uongo. Wales ilizikataza mwaka 2010, lakini Marekani bado zinauzwa.

Kwa mwenye geti, ningeanza na ndagala wakavu wasiotiwa chumvi. Mbwa akibweka, mwite. Akigeuka tu, kabla hata hajafika, msifu, kisha mpe mmoja. Anza pasipo na wapita njia, umsogeze getini polepole, wiki baada ya wiki. Zamu naye afundishwe neno lilelile la kumwitia. Akiwa na lake na wewe una lako, mbwa hatamtii yeyote.