Mahurunga: Windeni panya, msichome mikorosho

KIANGAZI kinapokomaa na mazao kuondolewa shambani, vijana wa Mahurunga, kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, hupata mchezo unaowapa na kitoweo: kuwinda panya. Wenye majembe hufukua mashimo, wenye fimbo husubiri kwenye matundu ya kutokea, mbwa hunusa. Watoto hubaki na manati zao wakilenga ndege na kindi.

Kusini, panya wa shambani ni chakula. Hubabuliwa manyoya, hutumbuliwa, kisha huchomwa au kukaushwa kwa moshi na kuliwa kwa ugali. Kwa hiyo mkulima angetarajia kwamba kijiji chenye wawindaji wengi hakina shida ya panya. Mbona basi mbegu bado zinafukuliwa?

Hesabu ya panya

Jibu liko kwenye kalenda. Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro wamemchunguza kwa miongo kadhaa, hubeba mimba kwa siku 23 hivi na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo. Huzaliana baada ya mvua kuotesha nyasi, na idadi yao huwa kubwa baada ya mavuno. Kiangazi kikizidi, wengi hufa kwa njaa au huliwa na bundi, mwewe na nyoka.

Maana yake ni kwamba wengi wa panya wanaouawa Agosti wasingefika msimu wa kupanda hata kama wangeachwa. Wachache wanaobaki mvua za Novemba na Desemba zinapokaribia ndio wanaofukua mbegu, na ndio wazazi wa kizazi kijacho. Bahati mbaya, wakati huo uwindaji huwa umekwisha na kila mtu ameshika jembe.

Chukua mfano wa ekari moja ya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60. Ina mashimo 9,000 hivi. Panya wakifukua shimo moja katika kila kumi, mashimo 900 yamepotea. Mkulima atanunua mbegu tena, atalipa kibarua tena, na mahindi yatakayochelewa huenda yasipate mvua ya kutosha.

Moto ni hasara

Tatizo kubwa zaidi ni wawindaji wanaowasha nyasi ili panya na ndezi watoke. Kiangazi ndipo mikorosho inapochanua na kubeba, huku majani makavu yakiwa yametanda chini yake. Moto ukishapata upepo hauulizi mpaka wa shamba. Mkorosho huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa, na zaidi kufikia mavuno kamili. Jirani anaweza kupoteza korosho alizotegemea kupeleka ghalani kupitia chama cha msingi, kwa sababu ya panya wa mlo mmoja. Aidha, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji moto ovyo, na mwashaji anaweza kushtakiwa.

Gobore nalo si zana ya panya. Baruti na gololi ni ghali kuliko nyama inayopatikana, na kulimiliki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Sumu na kitoweo

Wapo wanaotumia sumu ya panya. Husaidia ikiwekwa kabla ya kupanda, tena na wenye mashamba yanayopakana kwa pamoja. Lakini mahali ambapo panya huliwa, sumu isiyotangazwa ni hatari. Panya aliyekula chambo anaweza kuokotwa na mtoto na kuishia jikoni. Anayeweka sumu autangazie uongozi wa kijiji siku na shamba, na panya aliyekutwa amekufa afukiwe.

Mwindaji naye ajilinde. Mwezi Julai 2022, homa ya mgunda iliua watu watatu kati ya 20 waliougua katika mkoa jirani wa Lindi. Vijidudu vyake huenezwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na huingia mwilini hasa kupitia michubuko. Mwenye kidonda mkononi asichune panya, na baada ya kazi kila mtu anawe kwa sabuni. Nyama iive vizuri.

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Wakulima wa Mahurunga wanaweza kuwa tofauti: wakubaliane siku za kuwinda pamoja wiki chache kabla ya kupanda, shamba kwa shamba, kwa majembe, mitego na mbwa, bila kiberiti. Kitoweo kitapatikana vilevile, na mbegu itabaki ardhini.