Je, Wajua? Pizza, Sufuria na Karai la Mgodini

Je, wajua kwamba kikaango bora kuliko vyote kingetengenezwa kwa almasi ya Mwadui? Almasi safi hupitisha joto mara tano hivi kuliko shaba. Hata dhahabu ya Geita inaishinda alumini. Sisi wa Ibadakuli, tulio kati ya hazina hizo mbili, tumebaki na sufuria ya alumini, na si haba: hiyo nayo hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi.

Je, wajua kwa nini basi pizza huungua madoadoa chini? Sufuria nyepesi hulipokea joto pale pale kaa linapowaka na kulipeleka moja kwa moja kwenye unga. Kikaango kizito cha chuma ni kigumu kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi. Ukikitandazia unga wa baridi hakistuki. Kipashe kitupu dakika tano kwanza. Kama huna, chukua sufuria yenye kitako kinene na utandaze mchanga mkavu ndani ya nyingine kubwa, uiweke juu yake, kama wafanyavyo waoka keki.

Je, wajua kwamba Napoli tanuri hufikia nyuzi 430 hadi 485 za Selsiasi, na pizza hutoka ndani ya sekunde 60 hadi 90? Siri yake ni moto wa juu. Jiko letu la mkaa lina moto wa chini peke yake, ndiyo maana kitako huungua na jibini bado limenuna. Bibi zetu walishalimaliza jambo hili kwenye wali: palia makaa juu ya mfuniko. Kwa hiyo, unapochagua chombo sokoni, tazama mfuniko kabla ya sufuria. Uwe bapa, wa bati au alumini, wenye ukingo wa kuzuia makaa yasidondoke. Wa kioo utapasuka, na kishikio cha plastiki kitayeyuka.

Je, wajua kwamba wapishi wa Forodhani, Unguja, walilikwepa tatizo lote hilo? Pizza ya Zanzibar haina tanuri wala mfuniko: chapati nyembamba, nyama ya kusaga, kitunguu na yai, inakunjwa kama bahasha, inakaangwa kwenye chuma bapa. Mwitaliano atabisha kuiita pizza. Abishe tu, sisi tutakula.

Je, wajua kwamba sinia la sentimita 30 lina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la sentimita 20? Donge la sinia kubwa ukililazimisha kwenye dogo, utaoka mkate.

Je, wajua kwamba pizza ya Detroit, Marekani, iliyoanza mwaka 1946, inasimuliwa kuwa ilipikwa kwenye trei za chuma za viwanda vya magari, zile za kuwekea vipuri?

Je, wajua kwamba kikaango kisichogandisha kikipita nyuzi 260 utando wake huanza kuharibika, na kikizidi hapo moshi wake unaweza kuua ndege? Nasema ndege wa tunduni, si wa uwanja wetu wa Ibadakuli. Chombo hicho ni cha mayai, usikiwekee makaa.

Hatimaye karai. Mdomo mpana, chuma kigumu, bei nafuu: kwa macho linafaa. Lakini huku kwetu karai lina maisha mawili, jikoni na machimboni. Je, wajua kwamba zebaki, ile inayokamatia dhahabu, hula alumini, na ndiyo maana usafiri wake kwenye ndege una masharti makali? Ikipashwa moto hugeuka mvuke usioonekana unaoharibu ubongo na figo, na kusugua kwa majivu hakuiondoi kwa uhakika. Karai lililowahi kuoshea au kuchomea dhahabu lisirudi jikoni, hata kama bado linang'aa. Ukinunua la mtumba, muulize muuzaji limetoka wapi. Akisita, liache.